Mkeka Ulioishinda Roboti: Kisa cha Laini ya Model 3

Juu ya pakiti ya betri ya gari la Model 3, pale betri inapokutana na sakafu ya gari, wahandisi wa Tesla, kampuni ya Marekani ya magari ya umeme, walipanga kubandikwe vipande vya mkeka mwembamba wa nyuzi za kioo. Ni kitu chepesi kisicho na umbo lake chenyewe. Ukikishika upande mmoja, upande wa pili unaning'inia, na ukikilaza mezani mara mbili hakilali vilevile. Kazi ya kuokota vipande hivyo na kuvipanga juu ya betri ilipewa roboti iliyoongozwa na kamera, ambayo Elon Musk, mkuu wa kampuni hiyo, baadaye aliiita "Flufferbot". Roboti hiyo ilikuwa ikikosea na kukwama, na kwa muda kituo hicho kimoja kikaamua magari mangapi yangetoka kiwandani.

Kisa hiki husimuliwa sana kama ushahidi kwamba mikono ya watu imeishinda mashine. Musk mwenyewe aliupa usimulizi huo nguvu tarehe 13 Aprili 2018 alipoandika hadharani kwamba otomatiki iliyopita kiasi ilikuwa kosa, tena kosa lake yeye, na kwamba binadamu hawathaminiwi inavyostahili. Lilikuwa tamko la kiungwana. Lakini fundi akiishia hapo hajifunzi kitu cha kumsaidia kesho kazini, kwa sababu katika kiwanda hichohicho, wiki hizohizo, roboti nyingine kwa mamia zilikuwa zikifanya kazi yake bila matatizo ya namna hiyo. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye kitu kilichokuwa kikipimwa. Mfumo wa kudhibiti ulipewa kazi ambayo vihisi vyake, yaani vifaa vyake vya kupimia, havikuweza kuiona sawasawa, kisha ukafungwa kwenye mnyororo mrefu usio na mahali pa kupumua. Mambo hayo mawili ndiyo ninayotaka kuyafuata hapa.

Mwisho wa Julai 2017 magari 30 ya mwanzo yalikabidhiwa kwa wenyewe mjini Fremont, California, na Musk akawaambia wafanyakazi wake kwamba mbele yao kulikuwa na angalau miezi sita ya jehanamu ya uzalishaji. Lengo lilikuwa magari 5,000 kwa wiki kabla ya mwaka kwisha. Robo ya tatu ya mwaka ikafungwa na magari 260 tu. Robo ya nne yakatoka 2,425. Tarehe ya lengo ikasogezwa hadi mwisho wa Machi 2018, halafu mwisho wa Juni. Katika siku saba zilizoishia mwanzoni mwa Aprili yalitengenezwa 2,020.

Ukigawanya saa zote za wiki, usiku na mchana bila mapumziko hata ya dakika moja, kwa magari 5,000, unapata gari moja kila sekunde 121. Kila pakiti ya betri ina moduli nne, kwa hiyo moduli moja inatakiwa itoke kila sekunde 30 hivi. Na gari la masafa marefu, ambalo ndilo pekee lililotengenezwa mwanzoni, lina seli 4,416, yaani vibetri vidogo vinavyofungwa pamoja kuwa moduli. Hizo ni seli 36 na ushee kila sekunde zinazopaswa kuokotwa, kupangwa, kugundishwa na kuunganishwa umeme. Hakuna kundi la watu litakaloweza kupanga seli 36 kwa sekunde kwa mikono. Anayesema kwamba Tesla wangeacha roboti tu mambo yakaenda, hajaipiga hesabu hii.

Betri zilitengenezwa Nevada, kwenye kiwanda kilichoko karibu na Sparks, ambako Panasonic walitoa seli na Tesla wakazifunga kuwa moduli. Laini ya moduli ilikuwa na kanda nne, yaani maeneo manne ya kazi yanayofuatana. Katika barua kwa wenye hisa ya Novemba 2017 kampuni ilieleza kwamba hicho ndicho kilikuwa kizuizi kikuu: kanda mbili za mwanzo, ambazo sehemu zake muhimu zilikuwa zimefanywa na makandarasi wa mitambo, zililazimika kuchukuliwa na Tesla yenyewe na kusanifiwa upya kwa kiasi kikubwa. Musk alieleza kwamba kwenye kanda ya pili programu nzima ya kudhibiti iliandikwa upya kuanzia mwanzo, na sehemu nyingi za mitambo na umeme zikarudiwa.

Ili kuona kwa nini hilo ni jambo zito, inabidi tuangalie laini ya namna hii inavyofikiri. Moyoni mwake kuna PLC, kompyuta ngumu ya kiwandani ambayo kazi yake ni kurudia jambo moja bila kuchoka: inasoma vihisi vyote, inapitisha programu, inatoa amri kwa mota na vali, halafu inaanza tena, na mzunguko wote huchukua milisekunde chache. Kifaa hiki chenyewe kilizaliwa kutokana na shida ya viwanda vya magari. Mwaka 1968 kitengo cha gia za otomatiki cha General Motors kilitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya makabati ya relei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, kwa sababu kila gari lilipobadilika mafundi walilazimika kuchomoa na kuchomeka waya upya. Mhandisi Dick Morley na wenzake wakaja na Modicon 084. Tangu hapo kubadilisha laini kukawa kubadilisha programu, na ndipo wazo la kiwanda kinachoweza kugeuzwa kutoka bidhaa moja hadi nyingine likapata chombo chake.

Lakini PLC haijui chochote kuhusu gari wala betri. Inajua tu kwamba mlango wake fulani wa kuingizia ishara una umeme au hauna, na kwamba namba fulani imefika kiasi fulani. Swichi ya ukaribu inasema chuma kipo. Jicho la mwanga linasema mwale umekatwa. Kamera inasema ukingo uko milimita kadhaa kushoto. Programu imejengwa juu ya imani kwamba kauli hizo ni za kweli. Programu ya kanda moja inapoandikwa na mkandarasi ambaye hajaiona bidhaa ikibadilikabadilika mikononi mwa wasanifu, imani zake zote huwa za bidhaa ya kwenye karatasi. Inapoanza kupokea seli halisi, gundi halisi na vumbi halisi, kila dhana iliyokosewa hugeuka kusimama kwa mashine. Ndiyo maana kuandika upya programu ya kanda nzima si kusahihisha mstari mmoja mmoja. Ni kuuliza tena, kihisi kimoja baada ya kingine: kinapowaka, tuna uhakika gani kwamba jambo tunaloliamini limetokea kweli?

Sasa turudi kwenye mkeka.

Kamera ya kiwandani inapenda vitu vitatu: ukingo ulio wazi, umbo lisilobadilika, na mwanga unaorudi vilevile kila mara. Kipande cha bati kina vyote hivyo. Mkeka wa nyuzi za kioo hauna hata kimoja kwa uhakika. Ukingo wake una manyoyamanyoya, umbo lake hutegemea ulivyoshikwa, na uso wake hutawanya mwanga. Hata kamera ikiutambua ulipo, tatizo la pili linaanza pale unaponyanyuliwa. Vikombe vya kufyonza hupitisha hewa kupitia nyuzi badala ya kushika. Vibanio huukunja. Na tangu unapoinuliwa hadi unapowekwa, mkono wa roboti unakwenda na vipimo vya picha iliyopigwa mkeka ukiwa bado umelala, ilhali sasa unaning'inia kwa umbo jipya ambalo hakuna kihisi kinacholipima. Wahandisi wa udhibiti huiita hali hiyo kitanzi kilicho wazi: amri inatoka, lakini taarifa ya kilichotokea hairudi.

Mtu anayefanya kazi hiyo hafikirii hata kidogo. Vidole vyake vinahisi mvuto, vinaulainisha mkeka kwenye kona, vinaubonyeza ulipoinuka. Kihisi na kitendaji, yaani kinachopima na kinachotenda, vimo kwenye ncha moja ya kidole, na taarifa inarudi papo hapo. Musk alikiri jambo hilo kwenye mkutano na wachambuzi wa fedha mwezi Mei 2018: mashine ni dhaifu sana kwa kuokota vitu vya namna hiyo, na mikono ya watu inazizidi kwa mbali.

Mpangilio wa hatua walizochukua ni funzo kuliko kushindwa kwenyewe, na Musk ameusimulia hadharani mwenyewe. Kwanza walijaribu kuiboresha roboti. Wakaiongezea kasi, wakafupisha njia yake. Wakapunguza gundi: badala ya kupaka eneo lote, wakaweka matone machache, kwa kuwa mkeka ungebanwa na sakafu ya gari hata hivyo. Kila hatua ilisaidia kidogo. Mwishowe kabisa ndipo alipouliza: mkeka huu ni wa nini? Timu ya usalama wa betri ikamwambia ni wa kupunguza kelele na mtetemo. Akaenda kwa timu ya kelele na mtetemo, nao wakamwambia ni wa kuzuia moto. Wakachukua magari mawili, moja lenye mkeka na moja lisilo nao, wakaweka maikrofoni ndani na kusikiliza. Hawakuweza kutofautisha. Mkeka ukaondolewa, na roboti pamoja nao.

Natamani kila anayesoma uhandisi wa otomatiki akae na kisa hiki kwa muda. Fedha na ustadi mwingi vilimwagwa kwenye kamera, programu na mkono wa roboti ili kutatua tatizo la kuona kitu kisichoonekana vizuri, na kitu chenyewe hakikuwa na kazi. Nayo maikrofoni ya mwisho, ile iliyowekwa ndani ya gari, ilikuwa kihisi bora kuliko vyote vilivyokuwa kwenye laini, maana ilipima swali lenyewe.

Upande wa Fremont kulikuwa na jambo la pili. Musk alikuwa akizungumza tangu 2016 juu ya kuijenga mashine inayojenga mashine, kiwanda ambacho vitu vyake vingekwenda kasi kuliko mwendo wa mtu. Kwa ajili hiyo laini ya kuunganisha Model 3 iliwekewa mtandao wa mikanda ya kusafirishia vipuri, ili vipuri vifike kwenye kila kituo vyenyewe. Aprili 2018 aliwaambia watangazaji wa CBS kwamba mtandao huo ulikuwa na utata wa kupindukia, haukufanya kazi, na wameuondoa wote.

Kwa nini mkanda, kitu kilichozoeleka viwandani kwa zaidi ya karne, uishinde kampuni yenye wahandisi kama wale? Jibu limo kwenye hesabu ya kuzidisha. Chukua kituo kimoja kinachofanya kazi vizuri kwa asilimia 99 ya muda. Ni kituo kizuri. Sasa funga vituo 50 vya namna hiyo kwa mfululizo, kila kimoja kikingoja kihisi cha mwenzake kiseme "tayari" kabla hakijasogea. Ukizidisha 0.99 kwa yenyewe mara 50 unapata takriban 0.605. Laini nzima inafanya kazi asilimia 60 tu ya muda, ingawa hakuna fundi hata mmoja atakayekuonyesha kituo kibovu. Kihisi kimoja cha mwanga kikishikwa na vumbi, au sanduku moja likipinda kwenye kona, PLC inafanya inavyotakiwa: inasimamisha. Na kila kilichofungwa nyuma yake kinasimama pia.

Dawa yake inajulikana. Ni akiba ya kati. Nenda kwenye laini ya kujaza soda au maji, Nairobi au Dar es Salaam, utaona kati ya mashine ya kujaza na ya kubandika lebo kuna meza pana au mkanda mrefu unaozungukazunguka, chupa zikiwa zimejazana. Kwa mgeni ni nafasi iliyopotea. Kwa fundi ni dakika kadhaa za uhai: mashine ya lebo ikisimama, ya kujaza inaendelea kumimina hadi meza ijae, na jicho la mwanga mwishoni mwa meza ndilo pekee linaloamua lini kusimamisha. Akiba hiyo huvunja ule mnyororo wa kuzidisha. Katika laini iliyobuniwa kuwa mnene, ya haraka, isiyo na nafasi ya bure, akiba ndiyo huwa ya kwanza kutolewa sadaka.

Na hapa historia ya jengo lenyewe inanigusa. Kiwanda cha Fremont ndicho kilichokuwa NUMMI, ubia wa General Motors na Toyota ulioanza kuzalisha magari mwaka 1984 na kufungwa 2010, mwaka uleule Tesla walipokinunua. Ndani ya kuta hizo wafanyakazi wa Marekani walifundishwa na Toyota kuvuta kamba ya andon pale wanapoona kasoro, ili laini isimame na chanzo kitafutwe. Falsafa hiyo ina asili ya mashine ya kufumia. Mwaka 1924 Sakichi Toyoda, ambaye familia yake ndiyo iliyoanzisha Toyota, alikamilisha mtambo wa kufuma ambao ulisimama wenyewe uzi ulipokatika. Katika mitambo ya namna hiyo kila uzi hubeba kipande chembamba cha chuma, na uzi ukikatika chuma huanguka na kuusimamisha mtambo. Tazama uzuri wake: kihisi hakikisii chochote. Hakuna picha, hakuna hesabu ya uwezekano. Uzi upo, chuma kiko juu. Uzi haupo, chuma kimeanguka. Kufuma ni kazi ya nyuzi teketeke, kama ulivyo mkeka wa nyuzi za kioo, lakini uzi wa mtambo ule ulikuwa umevutwa ukakazwa, na ndiyo sababu ulipimika.

Nilisema roboti nyingine zilifanya kazi vizuri, na si haki nilipite hilo juujuu. Kwenye karakana ya bodi, ambako mabati ya Model 3 huchomelewa kuwa gari, otomatiki ilikuwa karibu kamili na ikabaki hivyo. Tesla waliweka roboti 47 kwenye vituo vya kukagua, zikipima nukta 1,900 kwenye kila gari na kuzilinganisha na michoro kwa usahihi wa milimita 0.15. Hakuna jicho la mtu litakalofanya hivyo kwa gari moja, sembuse kwa elfu tano kwa wiki. Bati ni gumu, lina kingo, linakaa pale lilipobanwa. Roboti inayochomelea inajua lipo wapi kwa sababu jigi, yaani fremu ya kulibana, imelishika, na kihisi cha ukaribu kinathibitisha tu kwamba kibanio kimefunga. Mazingira yote yametengenezwa ili swali la kihisi liwe rahisi.

Njia waliyotokea nayo ilikuwa mchanganyiko. Katika barua ya robo ya kwanza ya 2018 kampuni ilisema imepunguza otomatiki kwa muda katika baadhi ya sehemu, na kuweka hatua za nusu otomatiki na nyingine za mikono. Nevada ilipokea laini mpya ya moduli kutoka tawi lao la Ujerumani, lile lililokuwa Grohmann Engineering ya mjini Prüm kabla halijanunuliwa, ikasafirishwa kwa ndege ili kuokoa muda. Na Juni 2018, nje ya jengo la Fremont, wakasimamisha hema kubwa na ndani yake laini nyingine ya kuunganisha, GA4, iliyojengwa kwa wiki tatu hivi kwa vifaa vilivyokuwa vimelala ghalani.

Hema lilipigwa picha na dunia nzima ikaliona. Lakini soma takwimu za kampuni yenyewe. Siku saba za mwisho za Juni yalitoka magari 5,031 ya Model 3, na GA4 ilitoa takriban asilimia 20 ya magari ya wiki hiyo. Sehemu kubwa iliyobaki ilitoka GA3, laini ya ndani, ileile iliyokuwa ikidhihakiwa, ikiwa imepunguziwa mikanda na kazi zisizopimika. Na kila gari, la hema au la ndani, lilikuwa na bodi iliyochomelewa na roboti na betri yenye seli 4,416 zilizopangwa na mashine. Kwa maoni yangu hema liliziba pengo, ila kilichoiokoa Model 3 ni kupanga upya mpaka kati ya kinachopimwa na kihisi na kinachohisiwa na kidole.

Kuna mahali mpaka huo ulibaki wazi kwa miaka, na ni kwenye waya. Mafungu ya nyaya za umeme ndani ya gari ni mkeka mwingine: marefu, yanayolegea, yanayopita kwenye matundu. Musk alisema Model S ilikuwa na takriban kilomita 3 za waya na Model 3 kilomita 1.5, na kuupunguza urefu huo ilikuwa sehemu ya safari. Julai 2019 lilichapishwa ombi la hataza la Tesla linaloeleza mfumo wa waya uliogawanywa katika vipande, wenye kebo zilizofanywa ngumu ili mkono wa roboti uweze kuzishika na kuzipachika. Ndani yake hawakuomba kamera bora zaidi. Walikwenda kwenye waya wenyewe, wakaupa ukingo na umbo, ili mara hii kihisi kipewe kitu kinachoweza kuonekana.